Mama Kaitangaza Bawasiri Yangu Mkutanoni

Jamani, leo mama yangu kanimaliza mbele ya mtaa mzima!

Mkutano wa bima ya afya, hapa Kariakoo. Nikasimama kifua mbele: "Sisi vijana hatuumwi. Bima ya nini?"

Makofi!

Mama akainuka huko nyuma. "Muongo huyo! Ana bawasiri mwezi wa tatu sasa, hata kukaa hawezi. Hospitali anaogopa gharama. Afisa, bima inatibu bawasiri?"

Watu wote wakanigeukia.

"Inatibu, mama," afisa wa bima akajibu. Wazee wakashangilia. Mimi natafuta mlango.

Nje, afisa akanifuata mbio, akaninong'oneza: "Kaka, kwani wewe unatumia dawa gani? Mimi naona aibu hata kumwambia daktari."

Kesho tunaenda hospitali pamoja.

Chekeni tu, ila aliye nayo aje inboksi. Tuongozane.