Nilivyotawadha Katika Hodhi la Warumi

Naona haya kuandika haya. Nilikuwa kwenye wiki ya majaribio, nafagia makumbusho hapa London, na adhuhuri ilikuwa inanipita. Ukumbini nikaona hodhi la mawe, maji yanatiririka, na mahali pa kukalia pembeni, sawasawa na birika la kutawadhia la msikiti wetu Unguja. Nikavua viatu, nikatawadha.

Naosha mguu, watoto wa shule wakanizunguka. Mwalimu wao akasema, "Tazameni! Hivi ndivyo Warumi walivyooga. Mabafu yetu tumeyaiga kwao."

Kwa aibu nikaosha na mguu wa pili.

Mara akatokea msimamizi wangu, Bi Zuhura. "Weye Salim! Hayo maonyesho! Wataka tufukuzwe kazi sote?"

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona Mrumi anagombezwa?"