Nzango Kabla ya Fundisho

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya kwanza ya kazi: nilimkataza msichana mfiwa asicheze.

Nilikuwa nimepewa kazi ya encadreur, yaani mlezi wa vijana, katika parokia yetu ya Lubumbashi, ambako vijana waliniita Yaya Josué, yaani kaka Josué. Hakuna aliyenifundisha. Nilijisomea vitabu vya makatekista wa zamani, nikaliandika fundisho langu upya hadi mkono ukauma, nikafika Jumamosi nikiogopa kukosea. Uwanjani wasichana walikuwa wanacheza nzango: pande mbili zinatazamana, wawili wanaruka wakipiga makofi, kisha kila mmoja anatoa mguu mbele, na miguu hiyo ndiyo inaamua mshindi. Béa alikuwa kati yao, akicheka kwa sauti kubwa. Mama yake alikuwa amezikwa majuzi tu.

Niliona aibu kwa niaba ya marehemu. "Béa, kwenu kilio haiyaisha," nilimwambia mbele ya wenzake. "Ikala pale ku benchi."

Akakaa. Nami nikafundisha juu ya faraja, na aya zangu zote za Biblia. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wenzake nao wakaanza kupungua.

Paroko, mkubwa wangu wa kwanza, aliniita.

"Batoto biko wapi?"

"Mon père, nitatengeneza mafundisho vizuri zaidi."

"Fundisho yako iko muzuri. Sasa ni mabenchi njo inaisikiliza." Akanitazama kwa huruma. "Kwenda kwa Béa."

Shangazi yake alinipokea mlangoni, akitaka kujua kama ndiye mimi. "Njo weye encadreur?"

"Njo miye, mama."

"Hapa ku nyumba uyu mutoto halie, haseme, hakule. Kule kwenu njo alikuwa anacheka. Na weye ukamukatalia."

"Nilizani ni heshima, mama."

"Heshima ya mufu, shiye bakubwa tunaibeba. Mutoto umuachie acheze."

Béa alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Niliona miguu yake. Fundisho juu ya msamaha nilikuwa nalo tayari, lakini halikutoka. Nikasema tu, "Béa, unisamehe. Na unifundishe nzango."

Halafu pazia likasogea. "Weye? Na ile masoksi?"

Nikavua viatu na soksi. Tukasimama uani, uso kwa uso. Niliruka, mguu mmoja ukakwama kwa mwenzake, nikaanguka kwenye vumbi jekundu.

"Yaya Josué, unaruka sawa mbuzi yenye balifunga miguu!"

Alicheka akajishika tumbo. Kisha kicheko kikageuka kilio, kile ambacho nyumba ilikuwa imekingoja tangu mazishi. Niliinuka nikitaka kusema neno la kufariji. Shangazi akanizuia kwa mkono, akamvuta Béa kifuani pake.

"Muache," alisema, naye akilia. "Ilikuwa inakatala kutoka."

Jumamosi Béa alirudi. Alicheza, halafu akabaki kwa ajili ya fundisho. Wengine walimfuata mmoja mmoja.

Baadaye nilitumwa Kipushi kuanzisha kundi jingine. Msimamizi wa huko, mtu wa utaratibu kuliko hata mimi, alitaka ratiba kwa maandishi. Nikaweka nzango juu kabisa. Alikunja uso, akaisoma tena, kisha akauliza polepole kama wanaume nao wanaruhusiwa.

Mwaka huu nimeoa, na kwetu anayeoa humwachia mwingine kazi hii. Vijana walikuwa wameshaanza kuniita mzee. Ninyi mnaoipokea, sitawadanganya kwamba nimepona. Bado naogopa kukosea, bado usiku wa kuamkia Jumamosi naamka kusahihisha sentensi ambayo hakuna atakayeikumbuka. Lakini nimejifunza kwamba kijana anayecheka mbele yako amekukaribisha kwake. Ingia taratibu. Ukimnyamazisha, hata Injili utaihubiri ukiwa nje ya mlango.

Kwa hiyo kilichobadilika ni hiki: mfiwa akija kwetu leo, anacheza kwanza na wenzake, na fundisho linamsubiri.