Itazame Kama Mkwe

Jana nilishuka basi Kinyangiri mgongo unauma na miguu imevimba, nikamkuta bibi uani anapukuchua kunde. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akajibu. "Imeshachomoza?" Hakuuliza safari wala watoto. Bibi haoni tena, lakini kila mavuno huulizia galaksi yake.

Rafiki yangu, acha nikusimulie, labda uchovu utapungua. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wetu alileta darubini uani kwetu kwa sababu hapakuwa na miti ya kuziba anga. Tulikuwa tumeshinda tukipura mtama, makapi yakituwasha shingoni, na mlenda ukinukia jikoni. Mwalimu akaomba moto uzimwe ili macho yazoee giza. Bibi aling'aka: "Moto wangu uzimwe kwa ajili ya nyota? Makubwa haya!" Mwishowe akaufunika majivu, huku akinung'unika.

Mwalimu akachora vumbini kwa kidole: mstari mfupi katikati, na kila ncha ikitoa mkono uliojipinda. Alisema hiyo ni galaksi, kundi la nyota zisizohesabika, na mwanga wake ulianza safari kabla binadamu hajakuwapo. Ila ni hafifu mno, ukiikodolea inapotea. Itazameni kwa pembeni, akasema.

Sisi watoto tukakodoa weee, giza tupu. Bibi akainama, akageuza uso kidogo, vilevile alivyozoea kufanya mbele ya baba mkwe wake. Akachungulia muda mrefu.

"Alaa! Kumbe ni kama mkwe, haikodolewi. Na mstari wake ule pale, umelala kama mwiko ndani ya uji." Akanigeukia. "Wewe umeiona?"

Sijawahi kumwona na furaha ile. "Nimeiona," nikajibu upesi.

Mwalimu alipohamishwa alimwachia bibi darubini. Macho ya bibi yalipozimika, nikawa mimi wa kuchungulia na kumsimulia kitu nisichokiona. Eti njia ya mwongo ni fupi! Yangu ina miaka ishirini, na imenichosha.

Basi jana, giza lilipoingia, nikasema: "Bibi, nilikudanganya. Sijawahi kuiona."

Vidole vyake havikusita kwenye kunde. "Nilijua. Aliyeiona hajibu upesi vile. Haya, itazame leo. Kwa pembeni."

Nikaielekeza darubini pale tulipofundishwa, nikageuza uso kama mbele ya mkwe. Ng'ambo ya uzio, mashine mpya ya kukamua alizeti ilikuwa imewasha taa zake kubwa, na anga lote limepauka. Bibi hajui. Kwake anga bado ni lile la mwaka ule. Moto wa jikoni tuliufunika majivu; taa hizi nitazifunika kwa kitu gani? Nilitamani kulia, nikabaki nimeinama tu, shingo ikiniuma.

"Umeiona?"

Safari hii sikujibu upesi.

"Nimeiona, bibi," nikasema mwishowe. "Mstari wake umelala vilevile."

Akatabasamu, akaendelea na kunde zake.