Keki Iliyoungua Mbele ya Wakwe

Bi Pua alipoanza kugawa vitabu vyake vya mapishi, mtaa mzima ulimmwagia sifa. Mimi nilipata kile cha mikate, jalada lake limefungwa gazeti, kurasa za katikati zimegandana kwa siagi. Mke wa fundi viatu akapata cha keki za matunda. Wenzake Bi Pua kazini, kwenye duka la kufulia nguo, wakagawana vingine. Tukasema huyu mama ana roho safi, mwingine angetaka azikwe navyo. Kila tulipomsifu aliinamisha kichwa, nasi kwa ujuaji wetu tukasema, jamani, na unyenyekevu anao! Bi Pua, mnyenyekevu! Tungetumia akili kidogo tu tungejua kuna jambo.

Maana mwanamke yule hakuwahi kuwa mnyenyekevu hata siku moja. Jina la Bi Pua alipewa hukohuko dukani alikokuwa akipiga pasi, kwa sababu alijua nguo inataka kuungua kabla ya aliyeshika pasi kujua. Atakuwa amempa mwenzake mgongo, anapiga soga, mara anapaza sauti: "Wewe, nyanyua pasi hiyo!" Ukinyanyua, kweli, kitambaa ndiyo kwanza kinaanza kubadilika rangi. Aliringa na pua yake kama wengine wanavyoringa na watoto waliosoma.

Nyumbani, pua hiyo ndiyo ilikuwa serikali. Keki ya kwao ilikuwa ya sukari ya kuunguza, ameirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Unaunguza sukari kwenye sufuria mpaka inakuwa nyeusi, unaizimua kwa maziwa, ndipo unachanganya na unga na mayai. Kazi iko mwishoni. Keki hiyo ni ya kahawia tangu ikiwa mbichi, kwa hiyo macho hayakusaidii, na hata ikiiva vizuri ina harufu ya kuungua kwa mbali. Kwenye kitabu cha mama yake, pembeni mwa ukurasa, paliandikwa kwa penseli: Itoe ikinukia. Basi. Bi Pua alikuwa akikaa sebuleni na wageni, anazungumza, halafu katikati ya neno anainuka kwenda kuitoa. Ole wako uinuke kabla yake. Mwanawe wa pekee aliwahi kufungua oveni utotoni, keki ikabonyea, akasimangwa mpaka alipoota ndevu. "Keki ikiwa motoni," alikuwa akisema, "humu ndani hainuki mtu kabla yangu." Mkamwana wake alipoletwa, alifundishwa hilo hata kabla ya kuonyeshwa chumvi inawekwa wapi.

Kisha yakaja mafua mabaya. Yakaisha, lakini harufu haikurudi. Alinusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, akanusa soksi za mwanawe. Patupu. Hakumwambia mtu. Dukani akaunguza shati la mteja, akasema pasi ina hitilafu, na mwenye duka akaitupa pasi nzima isiyo na kosa lolote. Bi Pua aliitazama ile pasi kwenye pipa la taka, akaona haya, na bado hakusema.

Katika hali hiyo ndipo wazazi wa mkamwana wake walipokuja kumtembelea, mara ya kwanza tangu harusi. Mkamwana alikuwa amewasimulia juu ya keki hiyo mpaka wakaja na hamu yao. Bi Pua angesema kichwa kinamuuma, mambo yakaisha. Lakini kwake kukiri kulikuwa kama kung'olewa jino. Akaiweka keki motoni, akapiga moyo konde kwamba ataibahatisha, akaja kukaa na wakwe zake.

Akaanza kuwasimulia jinsi mwanawe alivyokuwa mtundu akiwa mdogo, na kisa kikanoga. Alipokuwa anakaribia kwenye utamu wake, keki ikaanza kuungua. Wote waliokuwa pale, ila yeye, waliisikia harufu. Mwanawe akaanza kuhesabu mabati. Mkamwana akashika mikono ya kiti. Mama mkwe mgeni akakohoa ndani ya leso. Hakuinuka mtu. Wanafamilia walijua sheria, na wageni walipowaona wenyeji wametulia kama waliomwagiwa maji ya baridi, wakadhani labda keki ya sukari ya kuunguza ndivyo inavyotakiwa iwe. Mwishowe baba mkwe, machozi yanamlengalenga, akasema kwa adabu zake zote:

"Mkwe wangu, hiyo harufu ya keki... si mchezo."

Bi Pua akafurahi kweli. Roho yake iliyokuwa juu ikatulia. Akadhani keki iko salama, ndiyo kwanza inaanza kunukia, akaendelea na kisa chake, tena akakirefusha.

Aliuona moshi kwa macho, ukipita chini ya pazia la jikoni. Alipofungua oveni alikuta kitu ambacho fundi angekitumia kujengea. Akafunga mlango wa jikoni, akasimama nyuma yake. Alirudi sebuleni na biskuti za pakiti kwenye sahani nzuri. Wakwe wakala, wakazisifu biskuti. Baba mkwe aliongeza ya pili, akasema zimelainika vizuri. Bi Pua alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake akaanza kugawa vitabu. Asiye na vitabu haombwi keki, ndivyo alivyopiga hesabu yake. Sisi tukamvika kilemba cha ukoka, na kila sifa yetu ilimchoma. Cha mwisho, kile cha mama yake, akampa mkamwana, akamwambia, "Chukua, mwanangu, mimi nimechoka." Akadhani yamekwisha.

Jumapili mkamwana akaja, kitabu kwapani, mayai na unga kwenye kikapu.

"Mama, nifundishe. Hapa pameandikwa itoe ikinukia. Ikinukia vipi?"

"Utajua mwenyewe."

"Nitajuaje, Mama, na mimi sijawahi kuinuka kuiona ikitolewa?"

Bi Pua akageukia dirishani. Mkamwana ananiambia alimwona mabega yakishuka, na ndipo aliposema, kwa sauti ndogo: "Mwanangu, mimi sisikii harufu. Tangu yale mafua. Hata siku ile na wazazi wako, moshi sikuusikia."

Alitegemea kuonewa huruma. Mkamwana alitazama sakafu.

"Mimi niliusikia, Mama. Tangu ulipoanza."

"Ukanyamaza?"

"Niliogopa. Na mume wangu naye aliusikia, tulizungumza usiku ule. Baba yangu alisema yale maneno ili ushtuke uinuke."

Pua haikumwaibisha tena Bi Pua. Hayo yalikuwa maradhi tu, humpata yeyote. Lililomshika sasa lilikuwa aibu nyingine kabisa. Mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, alikaa kwenye moshi kwa kumwogopa mama yake. Binti wa watu aliona wazazi wake wakikohoa, akashikilia kiti. Nyumba ingeweza kuwaka, nao wangekaa wakimsikiliza yeye. Akachukua kikapu, akaanza kupasua mayai.

Waliiunguza sukari, wakaizimua, wakaiweka keki motoni, wakaja kukaa sebuleni.

"Inanukia nini?" akauliza Bi Pua.

"Maziwa."

"Bado."

Wakakaa. "Na sasa?"

"Sukari. Kama peremende."

"Bado, lakini haiko mbali. Ikianza kukukera kidogo kooni, ndiyo hiyo."

Baada ya muda mkamwana akainua kichwa, akameza mate. "Mama, imenikera."

Akasema hivyo, kisha akabaki ameketi, mikono magotini, akimtazama Bi Pua, akisubiri ainuke yeye kwanza.

Bi Pua akaona. Akakishika kiti chake kwa mikono miwili asije akainuka kwa mazoea.

"Inuka wewe, mwanangu," akasema. "Tafadhali."

Mkamwana hakusogea. Ilibidi amwambie mara ya pili.