Paka wa Jirani Niliyekosana Naye

Jirani niliyemchukia kuliko watu wote wa mtaa wa Shanwe alikuja mlangoni kwangu asubuhi moja akiwa amembeba paka kifuani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mlango wazi kwa sababu ya joto. Hakupiga hodi. Alisimama tu pale kizingitini, nami sikumkaribisha.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja. Chumba chake kilitazamana na changu, ua mmoja, bomba moja. Yeye alikuwa akikaanga mandazi uani na kuyapeleka stendi, na jiko lake aliliweka chini ya dirisha langu. Mwaka wa kwanza nilivumilia. Halafu nikapata kazi ya kushona sare za kwaya, vitambaa vyeupe, nikazitundika dirishani baada ya kuzipiga pasi, na jioni yake zikawa zinanuka kama samaki wa kubanikwa. Nikamwambia ahamishe jiko. Akanijibu kwamba ua ni wa wote. Kesho yake, kuni zikiwa zinawaka na mafuta yamechemka, niliinua karai la mafuta nikaliweka pembeni, kisha nikachukua ndoo ya maji nikayamwaga yote kwenye jiko lake. Nasema wazi kwamba sikujuta, na hadi leo sijutii. Na yeye alinilipa. Alisimama katikati ya ua akawatangazia wapangaji wote kwamba mume wangu hakwenda Tunduma kutafuta kazi, alikwenda kunikimbia mimi.

Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mmoja akiwa bombani, mwingine alisubiri ndani.

Kwa hiyo nilipomwona pale mlangoni na paka wake, niliacha mguu juu ya pedeli na kumtazama.

"Mama yangu ni mgonjwa," alisema. Kwao ni Mishamo, wazazi wake walikuja kutoka Burundi na wakabaki hapo kulima. "Naenda kumwuguza. Sijui nitarudi lini. Huyu nataka nimwache kwako."

"Kwangu?"

"Ana mimba. Pikipiki itamtikisa mpaka huko, sitaki azae njiani."

"Hapo uani kuna wanawake wanne. Nenda kwa hao rafiki zako."

Alimsogeza paka begani. Alikuwa paka wa kijivu mwenye mabaka meusi, tumbo limeshuka pande zote mbili kama mfuko uliotiwa mahindi. "Hao watasema ndiyo," alisema. "Nikishapanda pikipiki watamtia kwenye kiroba wakamtupe. Wewe ukimkataa utamkataa mbele yangu. Najua ulivyo."

Sijui kama lilikuwa tusi au sifa. Nadhani yote mawili. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu zuri, lakini nilimwona macho yake yamevimba. Nikamwambia, "Mweke hapo." Akamweka kwenye sakafu, akanieleza haraka haraka kwamba hali ugali mkavu, kwamba asishikwe shikwe, kwamba nimtafutie boksi na sehemu yenye giza. Hakusema asante. Nami sikumwambia mama yako apone, ingawa baadaye nilijilaumu kwa hilo moja.

Paka mwenyewe hakunipenda. Nilipomsogelea alinitolea meno. Siku ile alikaa chini ya kitanda mpaka jioni, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye kapu la vipande vya vitambaa, akajilaza juu ya kitenge cha mteja. Nikamfukuza. Akarudi. Nikamfukuza tena kwa kandambili, akanikwaruza mkono damu ikatoka. Tuliishi hivyo, mimi na yeye, kama watu wawili waliofungiwa mahabusu moja kwa makosa tofauti.

Lakini aliyekuwa adui wa kweli wa paka yule ni mama mwenye nyumba. Alikuwa mama mtu mzima wa Kisukuma. Familia yake ilikuja Katavi na ng'ombe, ng'ombe wakaisha, akajenga nyumba ya kupangisha na kufuga kuku. Kuku wake aliwajua mmoja mmoja. Vifaranga walipopotea, na walipotea sana kwa sababu mwewe walikuwa wengi, alimsingizia paka. Alipogundua mnyama yuko kwangu alikuja na kusimama dirishani.

"Mwenye paka ameondoka," alisema. "Paka naye angeondoka."

"Nimeachiwa tu, mama. Anasubiri kuzaa."

"Azae watano, wanilie kuku watano kwa siku?"

"Simtoi nje. Yuko ndani muda wote."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe mtu wa Sumbawanga, umejifungia ndani na paka mweusi. Watu wataelewaje?"

Mimi ni Mfipa kweli, na utani huo wa uchawi nimeusikia tangu nimefika Mpanda. Lakini yeye hakuwa anatania. Na paka hakuwa mweusi. Nilimjibu kwamba watu waelewe wanavyotaka, nikafunga dirisha. Kuanzia hapo wale wanawake wanne wa uani wakaanza kunyamaza kila nilipopita na ndoo. Wakati huo ndipo nilipoamua kwamba paka atazalia kwangu, hata kama atazalia kwenye mto wangu. Sikuamua kwa huruma. Niliamua kwa hasira, na hasira yangu hudumu kuliko huruma yangu.

Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo kule sokoni. Muuzaji, kijana aliyekuwa akiwapimia wafugaji dawa ya kupe, alicheka kwanza. Halafu alipoona sicheki, akanieleza vizuri. Paka akikaribia ataacha kula. Atazunguka zunguka akitafuta pa kujificha. Akianza, nimwache, wengi huzaa wenyewe bila shida. Mtoto akitoka bado amefunikwa na ngozi yake na mama asiipasue, niipasue mimi upesi, nimfute pua na mdomo, nimsugue kwa kitambaa kikavu. Kitovu kisipokatwa, nikifunge kwa uzi na kukikata kwa mkasi uliochemshwa.

"Uzi na mkasi ninavyo," nilimwambia.

Kwenye duka la karibu niliomba boksi la sabuni. Nikalikata mlango upande mmoja, chini nikatandika gazeti, juu yake khanga yangu ya zamani na mabaki ya flana. Nikaliweka kati ya kabati na ukuta, nikalifunika kwa shuka. Nilimnunulia dagaa, nikawaosha chumvi, nikawachemsha. Paka alikula dagaa, akalinusa boksi, akarudi kulala kwenye kapu la vitambaa. Nikalihamishia lile kapu juu ya kabati. Akakaa chini akilitazama kama mtu aliyenyang'anywa kiwanja.

Siku aliyoanza, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua likatoka kali. Hakugusa chakula. Alizunguka chumba kizima, akakwaruza sakafu, akaingia chini ya cherehani, akatoka. Mwishoni akasimama mbele yangu na kulia, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nililiinua shuka. Akaingia kwenye boksi mwenyewe.

Wa kwanza alitoka salama, mama akamlamba, akaanza kulia. Wa pili vilevile. Nilikuwa nimepiga magoti na kitambaa mkononi, nikiwa sina kazi, na nilianza kufikiri kwamba mambo ni rahisi. Wa tatu alikawia. Paka alisukuma, akapumzika, akasukuma tena, macho yamelegea, na mtoto alipotoka alibaki ndani ya ngozi yake na mama hata hakugeuza kichwa. Nikaipasua kwa kucha. Nikamfuta, nikamsugua mgongoni, nikamsugua tena.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Fungua," alisema mama mwenye nyumba.

"Nina kazi, mama."

"Kifaranga wangu mwingine hayupo. Mtoe huyo mnyama leo."

"Anazaa sasa hivi."

"Amalizie barabarani."

Yule wa tatu mkononi mwangu akafungua mdomo, bila sauti kwanza, kisha akalia kidogo kama bawaba. Nikamrudisha kwa mama yake. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasukuma mlango, komeo lake lilikuwa bovu na yeye ndiye aliyekataa kulitengeneza. Alikuwa na fagio la chelewa mkononi. Nilisimama mlangoni, mikono yangu ikiwa na damu mpaka nyuma ya viganja, na nilikuwa bado nimeshika mkasi.

"Hupiti," nilimwambia.

"Nyumba ni yangu."

"Ni yako. Lakini leo hupiti."

Wanawake wa uani wakatoka kutazama. Mama mwenye nyumba alikuwa amezaa watoto tisa, alipenda kusema hivyo mwenyewe, na kutoka pale aliposimama aliweza kumsikia paka akisukuma. Nilidhani hilo lingemgusa. Halikumgusa. Alisema, "Mwezi ukiisha, tafuta pa kwenda. Wewe na mapaka yako." Nikamjibu kwamba hata asingeniambia ningehama, maana nyumba yenyewe inavuja. Kisha nikaufunga mlango na kuuwekea kiti.

Nilipogeuka, wa nne alikuwa ameshatoka. Alikuwa ndani ya ngozi, mama yake amechoka, amelaza kichwa. Niliipasua. Nilimsugua mpaka mikono ikauma. Hakulia. Nikamshika muda mrefu kuliko ilivyofaa, kisha nikamfunga kwenye kipande cha flana, na baadaye nikamzika nyuma ya choo, nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilichimba shimo la kutosha mbuzi.

Jirani yangu alirudi watoto wakiwa wamefumbua macho. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, nikajua bila kuambiwa. Safari hii alipiga hodi.

"Pole," nilisema.

"Asante." Alichuchumaa mbele ya boksi. Paka alimtambua, akainuka na kujisugua kwenye magoti yake, jambo ambalo kwangu hakulifanya hata mara moja. "Watatu tu?"

"Wa nne alikufa."

"Ulimfanyaje?"

"Sikumfanya kitu. Alikufa."

"Ungenipigia simu."

"Ulikuwa unauguza. Ningekupigia ili ufanye nini?"

Halafu akaanza kulia, ameinama, kichwa karibu kiingie kwenye boksi. Sikujua la kufanya na mtu yule. Ningemshika bega angedhani namkejeli. Nikarudi kwenye cherehani nikaendelea kushona, na yeye akaendelea kulia, na cherehani ilikuwa na kelele za kutosha kwa wote wawili.

Alipojifuta uso aliniuliza kwa nini vitu vyangu vimefungwa kwenye mabegi. Nikamweleza kuhusu fagio na mwisho wa mwezi. Aliinuka, akatoka, na baada ya muda mfupi nikamsikia uani, sauti ileile iliyonitangaza mimi na mume wangu, sasa inamtangaza mama mwenye nyumba: roho yake, bomba lake, paa lake, na vifaranga wanaochukuliwa na mwewe kila mtu anaona. Mama mwenye nyumba akajibu. Wakajibizana mpaka kuku wakakimbilia barabarani. Kufikia jioni, jirani yangu naye alikuwa ameambiwa ahame.

"Sikukuomba unitetee," nilimwambia.

"Sikukutetea wewe," alisema.

Hatukutafuta nyumba pamoja, wala halikutupitia akilini. Lakini siku ya kuhama tulipata guta moja tu, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na dereva hakutaka kuja mara mbili. Tukapakia cherehani yangu, jiko lake, magodoro, na boksi la paka katikati. Tulikaa juu ya mizigo, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara. Yeye alishuka wa kwanza. Alilibeba boksi mwenyewe, hakumruhusu dereva kuligusa.

"Usije kuwaona bila kunipigia," alisema.

"Sina mpango wa kuja."

Nilikwenda baada ya mavuno ya maharage, bila kupiga simu. Nilimkuta ametoka. Paka alikuwa amekaa kizingitini peke yake, watoto wameshagawiwa. Alinitazama, hakuonyesha kunijua, akainuka taratibu na kuingia ndani.