Mbegu ya Mtindi wa Mama

Mwezi ule wa send-off yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani kabla ya harusi, nilikuwa siwezi kutulia kwenye kiti. Kazini, kwenye maabara ya maziwa hapa mjini, nilizunguka meza mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimekanyaga siafu. Nyumbani Lemara nilifungua friji, nikaifunga, nikaifungua tena bila kujua nataka nini. Mchumba wangu alidhani ni wasiwasi wa ndoa, akawa ananisemesha kwa upole kama mgonjwa, na hilo likanikera zaidi. Ndoa haikuwa inanisumbua hata kidogo. Kilichoninyima raha ni mtindi wa mama.

Mama yangu anakaa Kikatiti, ukiacha barabara ya Moshi ukapanda kidogo, kwenye migomba na kahawa. Tangu niko shule ya msingi amekuwa akigandisha mtindi na kuuza, na watu waliufuata mpaka nyumbani. Kisha ghafla ukagoma. Anachemsha maziwa jioni, anayapooza, anatia mbegu, yaani ule mtindi kidogo unaobakizwa ili ugandishe maziwa mapya, anafunika. Asubuhi anafunua ndoo na kukuta maziwa mepesi yale yale, yamechacha vibaya bila kushikana. Ng'ombe hawakuwa wamebadilika, wala majani yao, wala mikono yake.

Mama hakukosa jibu kwa muda mrefu. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anakaa shamba linalopakana na letu kwa juu, naye anagandisha. Wa kwake ulikuwa unashikana vizuri, na hilo peke yake likawa ushahidi. Halafu mteja mmoja, akiwa ameshainua kidumu chake aondoke, akamwambia mama kwamba wifi yake akipita pale huwa anaziangalia sana zile ndoo. Hakusema zaidi ya hapo. Mama akaacha kumsalimia wifi yake, kisha akanipigia simu kunieleza kwamba kwenye send-off yangu hataki kumwona.

Nilipandwa na hasira mpaka nikakata simu, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mama. Kwetu shangazi ndiye anayekushika mkono kukuingiza ukumbini. Huyu wa kwangu ndiye aliyenibeba mgongoni siku zote mama alipokwenda sokoni. Nilijiona nikiingia ukumbini peke yangu, watu wote wakiuliza shangazi yuko wapi, na yeye akiisikia ngoma kutoka kwake juu.

Jumamosi nikapanda nyumbani, nikakaa jikoni kumtazama anavyofanya. Alikuwa amenunua kimea kipya cha dukani, kile cha unga chenye bakteria wa kugandishia. Alisema alivyowahi kununua kabla yake navyo vilikufa. Nikamwona anachota upawa wa mbegu yake ya zamani na kuumimina humo humo kwenye maziwa yenye kimea kipya. Nikamuuliza anafanya nini.

“Nawazoesha,” akasema. “Mgeni hawezi kukaa kwenye nyumba bila mwenyeji.”

Ile mbegu alipewa na bibi, mama yake baba, siku alipoolewa. Shangazi naye alipewa ya ndoo ile ile. Tangu hapo haijawahi kuisha, kila mara inabakizwa kidogo. Kuimwaga, kwa mama, ingekuwa kumtukana marehemu. Kwa hiyo kila alipoleta bakteria wazima kutoka dukani, aliwapeleka mwenyewe kwenye ugonjwa, kwa heshima zote. Nilijua pale pale, nikasimama, nikaanza kueleza kwa haraka mpaka nikajichanganya. Mama akaendelea kumenya ndizi zake. Akaniambia nikae, namtia kizunguzungu.

Nikachukua maji ya mtindi ulioharibika nikayapeleka maabara, nikayapitisha kwenye chujio ambalo bakteria hapiti. Kilichopita kilikuwa maji maangavu tu. Wiki ile sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata nikarudi nayo, kwa sababu mama haamini karatasi za ofisini, anaamini sufuria yake. Tukatia maziwa mazuri na kimea kipya kwenye chupa mbili za jemu. Ya kwanza nikaidondoshea yale maji yaliyochujwa kama yalivyo. Ya pili nikaidondoshea maji hayo hayo baada ya kuyachemsha sana. Mama akazifunga kwa mikono yake, asije akasema nimefanya kiini macho.

Jumapili kanisani sikuimba hata ubeti mmoja. Tulipotoka nilimtangulia mama njiani kama ninayefukuzwa. Ile chupa ya maji yaliyochemshwa ilikuwa imeganda, ukiinamisha haimwagiki. Nyingine ilikuwa nyepesi kama alivyozoea kuiona.

Mama akakaa kwenye kigoda, chupa mikononi. Akaniuliza ni kitu gani kimepita kwenye chujio langu. Safari hii nilijilazimisha kukaa. Nikamwambia kuna virusi visivyo na habari na mtu wala ng'ombe, wanaougua kwavyo ni bakteria peke yao. Kirusi kinamfikia bakteria wa mtindi na kumshika kwenye ukuta wake kwa miguu. Kinatoboa tundu dogo. Halafu hakiingii. Kinasukuma ndani uzi mmoja mwembamba, DNA yake, ambao ni maagizo matupu, na ganda lake linabaki nje likiwa tupu. Bakteria anayasoma yale maagizo akidhani ni yake. Anaacha kazi ya kugandisha maziwa, anaanza kutengeneza virusi vingine, mpaka anajaa na kupasuka, na vilivyotoka vinawafuata jirani zake.

Nilitaka kuongeza maneno, nikajizuia kwa kushika magoti yangu.

“Kwa hiyo haingii mwenyewe,” akasema. “Linaingia neno lake tu. Mwenyewe keshabaki huko nje.”

Nikamwambia ndiyo. Akaiweka ile chupa chini, akauliza nani sasa ana mbegu ya bibi iliyo nzima. Wote wawili tulijua ni nani.

Nilimpa mama maagizo kabla hatujatoka: aoge kweli, abadilishe nguo na viatu, na asivuke geti la shangazi, tusije tukampelekea ule ugonjwa. Kopo la kuchukulia mbegu nililichemsha mwenyewe. Sikufikiria jinsi hali hiyo ingeonekana. Shangazi alitoka ndani akamkuta wifi yake, aliyemnunia mwezi mzima, amesimama nje ya geti na hataki kuingia. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akamkaribisha mama ndani. Mama hakusogea, na uso wa shangazi ukakunjamana.

“Wifi, siingii kwa sababu naweza kukuharibia maziwa,” mama akasema. “Ugonjwa uko kwangu. Ulikuwa kwangu tangu mwanzo. Mimi nilisema ni wewe.”

Nilikuwa nakanyaga majani mguu huu, mguu ule. Shangazi alichukua kopo mkononi mwangu, akaingia jikoni, akakaa huko mpaka nikadhani ametukimbia. Alirudi na kopo limejaa, na vigoda viwili kwapani. Akaviweka nje ya geti, kimoja chake, kimoja cha mama. Mimi nikabaki nimesimama, na ndivyo nilivyotaka.

Alikaa akinyoosha sketi yake.

“Gauni la send-off nilishashona,” akamwambia mama. “Nilikuwa sijui nitalivaa wapi.”