Mama Mkwe Kwenye Mstari wa Barabara

Nilikuwa mpimaji wa ofisi ya ardhi, Singida mjini, kazi yangu ikiwa kupima viwanja na kuviingiza kwenye rejista ya serikali. Wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, sisi tulitangulia kuweka vigingi vya barabara na vya nyumba. Nilipopangiwa Kinampanda nilimwomba mkuu wangu ampeleke mtu mwingine.

"Kule ndiko nilikooa," nilimwambia.

Akajibu kwamba ndiyo sababu ya kunipeleka mimi, watu wangenisikiliza.

Hawakunisikiliza. Siku ya kwanza niliwapa shikamoo wazee waliokaa nje ya duka la ushirika, wakaendelea kuzungumza Kinyiramba kana kwamba aliyepita ni mbuzi. Maji ya kunywa tulinyimwa. Vigingi tulivyopiga jioni, asubuhi tulikuta vimeng'olewa na kufanywa kuni. Mkuu akaleta mgambo.

Barabara ya kijiji ilipangwa kukata katikati ya shamba la mama mkwe wangu. Mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke. Nilisimamisha darubini ya kupimia ukingoni mwa shamba, nikainama kuchungulia. Ile darubini ilikuwa inageuza kila kitu, kichwa chini miguu juu, na hivyo ndivyo nilivyomwona mama mkwe, amekaa juu ya kigoda katikati ya mstari, ananitazama.

Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia porini mpaka apite. Hamtazamani usoni, na yeye hakutaji jina. Nikaiacha darubini na kugeuka nyuma. Alijua nitageuka, ndiyo maana alikaa pale.

"Mbona umesimama?" mkuu aliuliza. Alikuwa mtu wa Tanga, na tangu tufike alikuwa akilalamikia vumbi na chakula.

"Siwezi kupima. Yule ni mama mkwe wangu."

"Hapa hakuna mkwe. Hapa kuna ramani."

Nikamwambia apime mwenyewe. Akasema serikali haimlipi mtu mshahara kwa kuona haya, kisha akawaita mgambo wawili. Walimnyanyua pamoja na kigoda chake. Alikuwa mwembamba, mifupa mitupu, na hakupiga kelele. Walipompitisha karibu yangu aliniita kwa jina, lile nililopewa na baba yangu, akaniuliza kwa Kinyiramba:

"Binti yangu anakula nini kwako, mtama au vigingi?"

Wale mgambo walikuwa wenyeji, waliinamisha macho. Mkuu alinikabidhi nyundo. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ambayo mpaka leo sijui ilikuwa juu yake au juu ya yule mama, nilikipiga kigingi mpaka kikapasuka kichwa, ikabidi kiletwe kingine.

Niliporudi mjini, mke wangu alikuwa ameshapata habari.

"Alikutaja?" aliuliza.

"Alinitaja."

"Basi huna tena mama mkwe."

Aliniwekea ugali mezani, yeye akaenda kula jikoni. Mambo yalikuwa hivyo kwa muda mrefu.

Mama yake alihamia kwenye kiwanja alichopewa kando ya barabara ile ile, akajenga nyumba iliyoipa barabara mgongo. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, alimpakata pale stendi ya Kiomboi, mke wangu akiwa amempelekea, kisha akarudi kwake. Kwangu hakukanyaga. Niliomba uhamisho nikapelekwa Manyoni, kupima viwanja vya watu nisiowajua. Huko pia walininunia, lakini angalau hawakuwa wakwe.

Kinampanda nilirudi mara moja tu, yule mama alipofariki. Shemeji zangu walinipa mkono bila kunitazama, nikaonyeshwa pa kukaa, nyuma ya watu wote. Nilipoaga kuondoka, hakuna aliyenisindikiza.